New Salem au Conner Prairie: uwapeleke wageni wako kijiji kipi cha walowezi?

Kila kiangazi kinapokaribia, simu yangu huita kwa swali lilelile. "Kaka, tumesikia kuna kijiji cha zamani, cha wale Wazungu wa kwanza kuhamia huku. Twende kipi?" Walioko Illinois wamelisikia jina la New Salem kwa sababu ya Abraham Lincoln. Walioko Indiana, watoto wao wamerudi nyumbani na karatasi ya shule ya kuomba ruhusa ya kwenda Conner Prairie. Anayekaa Chicago ndiye mwenye shida kubwa, maana yuko katikati: kote kuwili ni mwendo wa saa tatu, au tatu na nusu, kwa gari. Nimefika kote mara kadhaa, nikiongozana na familia za kanisani ambazo nyingi zilitoka Kongo zikapitia kambi za Kigoma, na mara nyingi mimi ndiye mkalimani wa msafara. Jibu langu si moja kwa kila mtu, lakini ninalo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Ukitazama picha, vijiji hivi viwili ni mapacha. Nyumba za magogo, udongo uliokandikwa kwenye nafasi kati ya gogo na gogo, uzio wa mbao unaopindapinda bila msumari, bustani ya kabichi, moshi unaotoka juu ya paa. Vyote viwili vinaonyesha miaka ya 1830, wakati sehemu hizi zilikuwa ukingo wa makazi ya walowezi. Ila havikupatikana kwa njia moja.

New Salem kiko mahali pake penyewe. Kijiji kilikuwepo juu ya kilima hicho, watu wakaishi, wakaondoka, nyumba zikaoza au zikabebwa, ardhi ikawa malisho. Karibu miaka mia baadaye nyumba zikajengwa upya palepale. Prairietown, kijiji kilichoko ndani ya Conner Prairie, hakijawahi kuwepo. Ni kijiji cha kubuni cha mwaka 1836, na ndani yake kuna nyumba za zamani zilizohamishwa kutoka sehemu nyingine za Indiana. Anayekijua Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, ambako nyumba za msonge na tembe zimesimama hatua chache tu ingawa wenyewe hawakuwa majirani, ataelewa haraka. Kwa hiyo New Salem ardhi ni ya kweli na nyumba ni za kurudishwa. Prairietown nyumba nyingi ni kongwe kweli, lakini zimesimama kwenye kiwanja kisicho chao.

Watu wengine husema basi New Salem ni "feki". Mimi sikubaliani kabisa, na nitaeleza kwa nini.

New Salem: kilima, mto na pipa

Kijiji kiko karibu na mji wa Petersburg, kama kilomita 32 kutoka Springfield, juu ya mto Sangamon. Kiliota hapo kwa sababu ya maji. James Rutledge na John Camron walitafuta mahali pa kuweka kinu cha kusaga nafaka na kupasua mbao, wakaziba mto kwa lambo mwishoni mwa miaka ya 1820, halafu wakapima viwanja juu ya kilima. Wakulima wa pande zote walileta mahindi, na penye foleni ya kinu hapakosi duka, mhunzi na mahali pa kulala wasafiri. Kijiji kikazaliwa hivyo. Hakikuwahi kuwa kikubwa. Familia zake zilikuwa dazeni mbili hivi.

Mwezi Aprili 1831 tishari la mbao lililobeba shehena kuelekea New Orleans likakwama juu ya lile lambo, pua yake ikaning'inia hewani, maji yakaanza kujaa. Kijana mrefu wa miaka 22 akahamisha mizigo, akatoboa tundu kwenye pua ya chombo ili maji yatoke, akaliziba, chombo kikapita. Huyo ndiye Lincoln. Mwezi Julai alirudi kufanya kazi dukani, akakaa miaka sita.

Na miaka hiyo sita, ukiisikiliza vizuri ukiwa pale pale, ni hadithi ya mtu anayeanguka na kuinuka. Aligombea ubunge wa jimbo mwaka 1832 akashindwa, ingawa katika kituo cha New Salem alipata kura 277 kati ya 300. Alifungua duka na William Berry, likafa, Berry naye akafariki mwaka 1835, deni lote likamwangukia yeye. Alipokuwa mpima ardhi, mdai mmoja alimpeleka mahakamani, farasi wake na vifaa vya kupimia vikapigwa mnada. Jirani yake, James Short, akavinunua kwenye mnada ule na kumrudishia. Kila nikiwasimulia hili watu wetu ninaona wanavyotikisa kichwa, maana hakuna aliyeanza maisha ugenini asiyemjua jirani wa namna hiyo. Alikuwa postamasta pia, tangu Mei 1833, akizunguka na barua za watu ndani ya kofia yake. Mwaka 1834 akashinda ubunge, na mwaka 1837 akahamia Springfield kuwa wakili.

Kijiji kilikufa kwa sababu ya mto uleule uliokizaa. Mwezi Machi 1832 meli ndogo ya mvuke iitwayo Talisman ilipanda Sangamon, na wenyeji wakaamini sasa biashara imefika. Maji yakaanza kupungua. Meli ikarudi haraka na kwa tabu, Lincoln akiwa msaidizi wa rubani, na ilibidi sehemu ya lambo ibomolewe ili ipite. Baada ya hapo ilikuwa wazi kwamba mto ule haubebi meli. Posta ikahamishiwa Petersburg mwaka 1836, wilaya mpya ya Menard ikaundwa mwaka 1839 makao yake yakiwa Petersburg, na kufikia 1840 kilimani hakukuwa na kijiji tena.

Ardhi ilinunuliwa mwaka 1906 na tajiri wa magazeti William Randolph Hearst, akaiweka mikononi mwa wadhamini. Mwaka 1919 ikawa mali ya jimbo la Illinois. Kazi kubwa ya kujenga upya ilifanyika miaka ya 1930, na sehemu yake ilifanywa na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa ajira wa Rais Franklin Roosevelt. Walifukua misingi na mashimo ya ghala za chini, wakalinganisha na ramani walizochora wazee kwa kumbukumbu. Ndiyo maana nasema si feki. Nyumba imerudishwa juu ya shimo lake.

Na kuna moja ambayo haikujengwa upya. Karakana ya mapipa ya Henry Onstot ilijengwa mwaka 1835. Kijiji kilipokuwa kinakufa, wakaibeba hadi Petersburg. Mwaka 1922 ikarudishwa kilimani. Ukiingia, simama kwanza hadi macho yazoee giza. Tazama magogo kwa karibu, jinsi shoka lilivyoacha makovu mafupi ya kulala, yote upande mmoja, kama mtu alivyokuwa amesimama akichonga. Kwenye nyumba za jirani makovu yapo, lakini haya yamelainika na kuwa meusi kama mpini wa jembe la zamani. Inasimuliwa kwamba usiku Lincoln alikuja hapa kusoma, akitupa maranda kwenye moto ili upate mwanga. Fundi mapipa huzalisha maranda mengi, kwa hiyo mwanga ulikuwa bure. Mara ya kwanza nilipofika hapo sikuwa na mgeni wa kutafsiria, nikakaa karibu nusu saa. Sijakaa nusu saa katika chumba kingine chochote cha makumbusho Marekani.

Kuna pia nyumba ya vyumba viwili chini ya paa moja, katikati kuna uwazi wa kupitisha upepo. Upande mmoja aliishi mhunzi Joshua Miller, upande wa pili Jack Kelso, mvuvi aliyejua mashairi ya Shakespeare na Burns kwa moyo. Wake zao walikuwa ndugu. Kina mama wetu hawataki maelezo zaidi ya hapo. Wanatazama ule uwazi na kuanza kupanga nani angekaa wapi wakati wa kusonga.

Conner Prairie: watu wanaoishi mwaka 1836

Hiki kiko Fishers, kaskazini kidogo mwa Indianapolis, kando ya mto White, kwenye eneo la zaidi ya ekari 800. Prairietown ni sehemu moja tu. Kuna zizi la mifugo watoto wanakogusa mbuzi, kuna kambi inayoeleza maisha ya Walenape, wenyeji wa asili wa sehemu hizo, kuna sehemu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ya mwaka 1863, na kuna puto kubwa la kukumbusha safari ya John Wise aliyepaa na barua kutoka Lafayette mwaka 1859.

Sifa yake kubwa ni watu. Wahudumu wa Prairietown hawakuelezi mambo ya kale, wanayaishi. Ukiwauliza kuhusu simu yako hawaijui. Watakuuliza umekuja kwa barabara ipi, kama kuna matope, kama umesikia habari za uchaguzi. New Salem wanaovaa nguo za zamani huongea nawe kama mtu wa leo: "Hapa walifanya hivi, pale walifanya vile." Tofauti hii ndogo ndiyo itakayoamua siku yenu, kuliko bei na kuliko umbali.

Nina mfano. Tulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Fizi kule Kongo, aliyekaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi. Tukaingia jikoni kwenye nyumba mojawapo. Mhudumu alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, chungu cha chuma kikining'inia kwenye ndoano. Mama alitazama kuni kwa muda, akaniambia, "Mwambie hizo mbichi. Zitamtoa machozi." Nikatafsiri. Yule dada bila kutoka mwaka wake wa 1836 akajibu kwamba mume wake alizikata jana tu, na kuni kavu zimekwisha kwa sababu ya mvua. Mama akapiga magoti kando yake, akamwonyesha kwa kidole jinsi ya kuzisimamisha pembeni mwa moto zikauke huku chungu kinachemka. Walikaa hivyo dakika kumi, mimi nikitafsiri maneno machache sana, maana mikono ilikuwa inaongea. Wajukuu zake, waliozoea kumwona bibi yao akishindwa na mashine ya kulipia dukani, walisimama mlangoni kimya wakimtazama akifundisha.

Jambo kama hilo New Salem ni nadra. Pale moto upo, lakini unatazamwa.

Lakini nikuambie pia upande wa pili. Kiingereza cha kuigiza ni kigumu kutafsiri. Mhudumu anaongea kwa mafumbo ya zamani, anakatishwa na mtoto, anarudi kwenye hadithi yake, na mzee asiyejua lugha anabaki nje ya mazungumzo. Kama kundi lenu halina mkalimani mwenye subira na wengi ni watu wazima wasiosikia Kiingereza, New Salem ni rahisi zaidi: maelezo ni ya kawaida, unaweza kumwomba mtu atulie, ukafasiri sentensi kwa sentensi, mkaondoka mmeelewa.

Habari ya wenye nchi

Hapa ndipo ninapowabana marafiki zangu wanaopanga safari, kwa sababu kijiji cha walowezi bila habari ya waliokuwepo kabla ni nusu ya habari.

Conner Prairie imebeba jina la William Conner, mfanyabiashara wa ngozi aliyeishi hapo tangu mwanzo wa miaka ya 1800. Mke wake alikuwa Mekinges, mwanamke wa Kilenape, na walizaa watoto sita. Mwaka 1818 ulitiwa saini mkataba wa St. Mary's, ambao Walenape waliachia ardhi yao ya Indiana na kukubali kuhamia magharibi ya mto Mississippi. Conner mwenyewe alihusika kama mkalimani. Mwaka 1820 Mekinges aliondoka na watu wake, na watoto wote sita. Conner akabaki, na kabla mwaka haujaisha akaoa tena. Mwaka 1823 akajenga nyumba ya matofali juu ya mto. Nyumba hiyo bado imesimama mahali pake pa asili, na ndiyo aliyoinunua Eli Lilly, wa kampuni ya dawa ya Indianapolis, mwaka 1934, na makumbusho yote yakaota kutokea hapo. Ukiitazama ile nyumba nzuri huku ukijua habari ya Mekinges, matofali yanabadilika sura. Usiondoke bila kuiuliza. Wanaieleza, na kuna mahali palipotengwa kwa Walenape. Siku hizi kuna pia maonyesho kuhusu watu Weusi wa Indiana, ambayo watoto wetu wanayahitaji.

New Salem ni dhaifu hapa, nasema wazi. Lincoln alichaguliwa kapteni wa wanamgambo mwaka 1832 katika vita dhidi ya Black Hawk, kiongozi wa Wasauk aliyevuka Mississippi kurudi kwenye ardhi ya watu wake. Hapo kilimani utasikia zaidi kwamba vijana walimchagua kapteni na alifurahi sana, kuliko utakavyosikia Wasauk walipoteza nini. Ndugu zetu wengi wa Kongo wanaishi Rock Island na Moline. Wapo jirani kabisa na Saukenuk, mji wa Black Hawk, ambao mahali pake sasa ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo yenye jina lake. Kama unatoka huko kuja New Salem, pitia hifadhi hiyo kwanza. Ni dakika chache kutoka nyumbani, na utafika kilimani ukiwa na swali la kuuliza.

Mfuko, miguu na saa

New Salem kiingilio ni bure. Kuna sanduku la mchango, na ukiweza weka. Conner Prairie ni tiketi, na familia ya watoto wanne wataisikia mfukoni. Lakini familia za Indiana zinazopata msaada wa chakula wa serikali huweza kuingia kwa bei ndogo sana kwa mpango maalumu. Uliza kabla hujalipa, na beba kadi. Nimekutana na familia zilizokaa Indianapolis miaka mitatu bila kujua.

Prairietown na maeneo ya nje hufunguliwa majira ya joto, takriban Aprili hadi Oktoba, wakati wa baridi hubaki mambo ya ndani. New Salem siku na saa hubadilika kwa msimu pia, kwa hiyo piga simu kwanza kote kuwili.

Kwa mzee mwenye magoti mabaya: New Salem njia ni ndefu na kinu kiko chini bondeni, kando ya mto. Mtembeze kwenye nyumba za juu, halafu mpeleke kinuni kwa gari. Conner Prairie ni kubwa zaidi, ila msilazimishe kuona kila kitu. Saa tatu za Prairietown na zizi la mifugo zinatosha, na mtoto wa chini ya miaka kumi atakuwa amechoka kwa furaha. Mtoto wa umri huo ukimpeleka New Salem ataona nyumba tano kisha ataanza kutafuta fimbo ya kuchezea. Sio kosa lake. Kijiji kile ni cha mtu anayesikiliza.

Basi ukiniuliza wewe mwenyewe: una watoto wadogo, au bibi anayejua kuni, au ni mara yenu ya kwanza kabisa kwenda mahali pa namna hii, nenda Conner Prairie. Una vijana wa sekondari wanaosoma historia ya Marekani, au unajiandaa kwa mtihani wa uraia na jina la Lincoln limekuwa kwako swali la kukariri tu, nenda New Salem. Unakaa Louisville, Conner Prairie ni karibu zaidi. Unakaa St. Louis, New Salem ni saa mbili tu. Na kama moyo wako ni kama wangu, yaani unapenda kusimama mahali ambapo jambo lilitokea hasa, kuliko mahali linapoigizwa vizuri, hutasita.

Mkienda New Salem msirudi bila kupita Springfield. Nyumba aliyoinunua Lincoln mwaka 1844, ambayo aliishi hadi alipoondoka kwenda kuwa rais mwaka 1861, ipo na ni yenyewe, na mtaa uliozunguka umehifadhiwa. Kuingia ni bure, kwa sababu mwanawe Robert alipoikabidhi kwa jimbo mwaka 1887 aliweka sharti kwamba watu wasitozwe. Mtalipia maegesho tu. Anzieni kwenye kituo cha wageni mtaa wa saba, asubuhi, kabla watu hawajajaa, halafu alasiri ndipo mpande kilimani, jua likiwa limelala na karakana ya mapipa ikipata mwanga wa mlangoni.